Samaki wa Kushikwa Mbele ya Maprofesa

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba mtu anayesomea samaki wa umeme hawezi kuitwa dokta mpaka amshike samaki huyo kwa mikono mitupu mbele ya maprofesa. Ukimwachia, umeanguka. Ukimshika mpaka mkubwa wa juri, yaani jopo lao la watahini, aseme "inatosha", wanakupa udokta wako, halafu wanakupa na maji ya kunywa.

Samaki mwenyewe, kwa wale ambao hawajakutana naye, anaishi humu ziwani kwetu, na mimi wa kwangu wote niliwapata kule Ruzizi inakomwaga maji yake Tanganyika. Hana magamba wala shingo. Ana midomo minene na macho madogo kama ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Akilala chini ya beseni utadhani ni soksi iliyojazwa mchanga. Lakini mguse! Mjomba wangu alimkanyaga akiwa kijana pale ufukweni, Uvira, na kama sisemi uongo, alitua upande wa Burundi bila kuonyesha karatasi yoyote.

Habari ya mtihani niliipata shule ya jioni. Mchana nilikuwa nauza inite, yaani vocha za simu, chini ya mwavuli, karibu na soko, na jua likianza kushuka nilikunja mwavuli nikaenda kukalia benchi za watoto wa darasa la kwanza, magoti yakigusa masikio. Tulikuwa watu wazima watupu: washonaji, walinzi, dereva mmoja wa lori aliyelala kuanzia hesabu mpaka jiografia. Jirani yangu wa benchi alikuwa deklara, yaani yule anayewajazia wafanyabiashara karatasi za dwani, za ushuru wa forodha, pale mpakani Kavimvira. Alivaa tai. Katika darasa lote ni yeye peke yake aliyevaa tai, na ndiyo maana nilimwamini.

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa mzee mpole, na chaki ilimtetemeka mkononi hata alipochora mstari ulionyooka ulitoka na mawimbi. Siku hiyo alitufundisha kwamba kila seli ya mwili imezungushiwa ngozi ya mafuta, nyembamba kupita wembamba wowote tunaoujua, inaitwa membrani. Ndani ya ngozi hiyo kuna protini zinazokaa kama milango, zinafunguka na kujifunga. Chumvi ya nje inataka kuingia, chumvi ya ndani inataka kutoka, na protini ndizo zinazoamua nani apite.

Deklara akaruka juu ya benchi. "Mwalimu! Iyo ni Kavimvira!"

Darasa lilicheka, lakini mwalimu hakucheka. Alimtazama, akatazama ubao, akasema, "Eh. Ni Kavimvira kabisa." Akaendelea kutueleza kwamba samaki wa umeme amejaa seli za namna hiyo chini ya ngozi yake, zimepangwa moja juu ya nyingine kama batri ndani ya tochi. Milango ya sodiamu ikifunguka yote kwa mara moja, watu wanaruka.

Mimi nilipotea hapo hapo. Wengine wanapotea kwa pombe, mimi nilipotea kwa mlango. Nilitoka darasani nikisema peke yangu njiani, na deklara akanishika kiwiko.

"Weye, ile mambo ya membrani imekuingia."

"Imeniingia sana."

"Unajua mwisho yake?"

"Mwisho yake ni nini?"

Akaangalia huku na huku kama mtu anayetaka kuniuzia kitu cha magendo. "Bon. Mutu akijifunza pikipiki, siku ya egzame wanamupatia nini?"

"Pikipiki."

"Akijifunza kushona?"

"Mashini ya kushona."

"Sasa weye ukisomea samaki ya kuran, ya umeme ile, mpaka mwisho, mpaka kwa udokta, unafikiri watakupatia nini mu mukono? Bibilia?"

Nilisimama katikati ya barabara. Pikipiki tatu zilinipigia honi. Sikuona kasoro yoyote katika maneno hayo, na kusema kweli hata leo nikiyarudia polepole bado yananitisha kwa jinsi yalivyonyooka.

"Kuko mumoja kule Kisangani," akaendelea, "alimuachia. Mpaka leo anauzaka mawese. Mwingine alimushika mpaka mwisho. Sasa iko profesere mukubwa, lakini nywele yake haijalala tena." Kisha akasogeza mdomo sikioni mwangu. "Na mwalimu yetu, hauone mukono? Unafikiri ni uzee?"

Hapo alinimaliza. Kumbe chaki ile! Kesho yake nilimtazama mwalimu kwa heshima mpya, na sikumuuliza kitu. Kwetu humuulizi mzee mateso aliyopitia ujanani. Akitaka ujue, atakueleza. Tena anayeuliza kama samaki anauma, amekwisha kuonyesha woga. Kwa hiyo nilinyamaza, na nilinyamaza hivyo miaka yote iliyofuata.

Nisiwachoshe na njia yote. Nilipata diploma ya shule ya jioni, nikapata masomo ya juu kwa kuungaunga, na mwishowe kituo kimoja cha utafiti kando ya ziwa kikanichukua nioshe matanki ya samaki. Mama yangu alitangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ameshakuwa dokta, na watu wakaanza kuniletea miguu yenye vidonda. Ndani ya tanki la mwisho, peke yake kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa naye, alikuwa samaki wa umeme.

Nikasema basi, mtihani wangu huu hapa. Nikaanza mazoezi.

Kila asubuhi kabla ya kushika ufagio nilikunja shati mpaka begani nikamsalimia. Salamu ya kwanza ilikuwa teke la fahali wa Mulenge, kule milimani kwa wafugaji. Nilipigwa nikakaa chini, nikasema sala fupi, nikarudi. Ya pili ilikuwa kofi la mama mkwe. Ya tatu, finyo la shangazi kanisani. Ya nne ilikuwa simu inayotetemeka mfukoni, hata unaweza kuipokea. Nilitoka hapo kifua mbele, nikijua nimeshakuwa chuma. Kesho yake, salamu ya kwanza: fahali yule yule, Mulenge ile ile.

Nyumbani mke wangu, ambaye ni mshonaji na haamini kitu asichoweza kukipima kwa utepe, aliniona nikimwaga chai kwenye sahani.

"Baba watoto, ni samaki gani mutu anasalimiaka kila asubui?"

"Ni ya masomo."

"Masomo ya wengine wanafunguaka kitabu. Ya kwako inakufungua weye."

Lakini swali lilikuwa limeshaniingia, na halikutoka tena. Ile nguvu ya fahali ilikwenda wapi kufikia salamu ya nne? Na nani aliirudisha wakati samaki amelala tu kama soksi?

Profesa mmoja, mama kutoka Bukavu, alikuwa akiteremka Uvira mara kwa mara kukagua kazi za kituo. Nilimweleza jambo hilo nikiwa na ndoo mkononi. Akavua miwani.

"Nani alikutuma kumgusa mara nyingi hivyo?"

"Hakuna, Mama Profesa. Ni mapenzi tu."

"Mwanangu," akasema, "hilo swali ni tasnifu nzima."

Akanichorea pampu. Katika ngozi ya seli, kando ya milango, kuna protini nyingine zinazofanya kazi ya usafi. Milango ikishafunguka na sodiamu kujazana ndani, pampu inazitoa: sodiamu tatu nje, potasiamu mbili ndani, tatu nje, mbili ndani, bila kupumzika, mpaka kila mmoja amerudi kwao. Nikampelekea deklara habari hiyo mpakani. Alinisikiliza hadi mwisho, akakaza tai. "Ni kama ile siku watu walivunja barieri ya mupaka, alafu polisi wakashinda wakirudisha mumoja mumoja. Njo maana samaki anachoka. Barieri inavunjika mara moja, kurudisha watu ni siku muzima." Sijawahi kusoma maelezo mazuri kuliko hayo, na nimesoma mengi.

Mama Profesa akakubali kunisimamia. Kituo kikanipa kona moja ndani ya depo ya nyavu, kwa sharti lililosemwa mbele ya wote: nikitetea kazi yangu nikashinda, kona inakuwa maabara na mimi naajiriwa mtafiti. Nikianguka, nyavu zinarudi kwenye kona na mimi narudi chini ya mwavuli kuuza inite. Kwa wengine hilo lilikuwa sharti la akili. Kwangu lilikuwa sharti la mkono. Kila nilipoitazama kona yangu nilimwona samaki.

Maabara hiyo, ningependa muione. Ili kusikia protini moja unachukua kijibomba cha kioo, unakivuta kwenye moto mpaka ncha yake inakuwa nyembamba kuliko kitu chochote utakachokiona kwa macho, halafu unaigusisha kwenye ngozi ya seli, taratibu, unanyonya kidogo, na kama Mungu amekubali, chini ya ncha hiyo unabaki mlango mmoja tu. Mtu akikohoa, umeharibu. Pikipiki ikipita, umeharibu. Na Uvira pikipiki hazipiti, zinaishi. Meza nikaiweka juu ya mipira ya ndani ya magurudumu, nimeijaza pumzi nusu, ili mtetemo ufie humo. Juu ya meza nikajenga kizimba cha waya wa kuku, ili kelele za umeme wa mji zisiingie kwenye vipimo.

Jirani mmoja wa kituo, mama muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, alichungulia dirishani.

"Dokta, kuku zako zinataga?"

"Mama, humu hamuna kuku."

"Sasa unafungia nini?"

"Minye nafungia kelele ya kuran, isiingie."

Akafikiri. "Aaa. Na yenyewe inataga?"

Wenye pikipiki nao walikuwa na kituo chao mbele kabisa ya geti letu. Nikawaendea kwa unyenyekevu, nikawaeleza kwamba ninasikiliza mlango mdogo sana unavyofunguka, na kwamba injini zao zinanipigia mlango huo kwa nyundo. Walinitazama kwa huruma mnayompa mgonjwa. Lakini tangu siku hiyo, nikining'iniza kitambaa chekundu getini, walizima injini na kusukuma pikipiki mpaka kona, abiria akiwa bado amekaa juu. Abiria wakilalamika waliambiwa, "Kimya! Dokta anasikiliza mulango!" Nadhani dunia nzima hakuna sayansi nyingine iliyosukumwa kwa mikono namna hiyo.

Na siku moja nikausikia. Kwenye skrini mstari ulikuwa umelala, umelala, umelala, halafu ukapanda ngazi moja, ukasimama, ukashuka. Ukapanda tena, ukashuka. Protini moja. Moja tu, ya samaki wa Ruzizi, inafungua na kufunga, wala haijui kama natazama. Nililia mpaka nikaogopa kulowesha vipimo.

Deklara alikuja na tai yake kuangalia.

"Ni iyo tu?"

"Ni iyo tu."

"Haipitishe mutu mwengine?"

"Inachagua sodiamu. Wengine ni shida sana."

"Hata akiwa na ndugu ndani?"

"Hata."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ile ile ya zamani, "Na mukono? Iko tayari?"

Mkono haukuwa tayari. Miaka yote hiyo fahali hakuwahi kupungua hata ukwato mmoja. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya pampu, nilikuwa na mistari ya ngazi ya kujaza ukuta, na bado salamu ya kwanza ilinikalisha chini kila siku. Siku ya kutetea ilipokaribia nikaacha kula. Mke wangu, aliyekuwa akinishonea suti, alinipima kiuno mara tatu na mara tatu kilikuwa kimepungua.

Nikamweleza ukweli. Akatoa pini mdomoni.

"Minye sikusoma. Lakini weye si umeandika kama samaki anachokaka?"

"Nimeandika."

"Basi umuchokeshe mbele ya kwenda. Umupeleke kule amechoka."

Jamani! Tasnifu nzima ilikuwa kichwani mwangu na sikuifikiria. Asubuhi ya siku yenyewe nilikwenda kituoni mapema, nikamsalimia samaki mpaka akawa ananitetemekea kama simu, halafu kama simu iliyoisha batri. Nikamweka kwenye beseni pana la maji, nikafunika kwa kitenge, nikampakia pikipiki, mke wangu nyuma akishika beseni. Nilitaka kuja na wangu mwenyewe kabla juri hawajaleta wao, mkubwa zaidi, aliyelala vizuri.

Tukafika ukumbini saa ya kuanza. Juri hawakuwapo. Gari lao la kutoka Bukavu lilikuwa limekwama kwenye matope ya bonde, mahali fulani karibu na njia ya kwenda Mutarule, na wanakijiji walikuwa bado wanalisukuma.

Watu wakakaa, wakajipepea. Mimi nilikuwa natazama beseni. Sitaki kumsifu mtu, lakini kama kuna mwanadamu duniani aliyejua kwa uhakika kinachoendelea chini ya kitenge kile, ni mimi. Sodiamu tatu nje, potasiamu mbili ndani. Tatu nje, mbili ndani. Nilikuwa na mchoro wake ukurasa wa katikati, wenye mkunjo mzuri unaopanda. Nilijua ni wakati gani atakuwa amerudi kuwa shangazi. Nilijua ni wakati gani atakuwa mama mkwe. Juri walipoingia mwishowe, matope mpaka magotini, wakiomba radhi, mkunjo wangu ulikuwa umefika juu na kunyooka. Fahali alikuwa tayari ametoka Mulenge na amefika.

Nikaeleza kazi yangu. Mdomo ulisema wenyewe, mimi nilikuwa chini ya meza pamoja na beseni. Wakauliza, nikajibu. Profesa mmoja mwembamba, ndiye mkubwa wa juri, ambaye nadhani hakuwa amecheka tangu Bukavu, akauliza, "Samaki akishapumzika, nguvu inarudi yote, ao sehemu tu?"

"Yote, Profesa," nikasema. "Yote, kwa bahati mbaya."

Wakaandika.

Kisha Mama Profesa akafunga karatasi zake. "Maswali yamekwisha. Toka inje kidogo, mwanangu, utungojee."

Nikaelewa mara moja: wananipa nafasi ya kukimbia. Anayetoka, ametoka. Nikageuka, na kule nyuma ya ukumbi nikamwona deklara amesimama, ananionyesha beseni kwa kidevu. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele na kitambaa kipya kichwani. Nikaiona kona yangu, kizimba changu, na nyavu zikirudi.

"Hapana, Mama Profesa," nikasema. "Minye sikimbie."

Nikavua koti la suti. Nikakunja shati mpaka begani. Nikavuta beseni katikati ya ukumbi, nikafunua kitenge, nikaingiza mikono miwili na kumshika.

Sitaeleza vizuri. Niliona rangi ambazo hazijapewa majina. Kalamu iliruka kutoka mfuko wa shati ikaenda kutafuta maisha kwingine. Watu walinisifu baadaye kwa ujasiri, lakini haukuwa ujasiri; mkono ulikuwa umekataa kufunguka. Na kichwani nilikuwa na jambo moja tu, kungojea lile neno. Nikangoja. Juri wote walikuwa wamesimama, midomo wazi, na hakuna aliyelisema.

"Inatosha!" akapiga kelele mke wangu. Lakini yeye hakuwa juri, haikuhesabika. Nikaendelea kushika. Fahali akapiga tena.

"Mwanangu, inatosha!" akalia yule profesa mwembamba, ambaye sasa alikuwa juu ya kiti. "Inatosha, inatosha!"

Nikaachia. Nikakaa sakafuni ndani ya maji yaliyomwagika. Mtu akaniletea maji ya kunywa, kama ilivyosemwa tangu zamani, na nikajua kila kitu kilikuwa kweli.

Walinitoa nje, wakanirudisha baada ya muda mfupi, wakasimama, wakaniita dokta. Mama yangu alipiga vigelegele vilivyosikika nadhani mpaka Bujumbura. Samaki alikuwa amelala chini ya beseni kama soksi.

Tulikula hapo hapo uani: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa ziwani, mikeke, wa kuchoma. Kijiko kilinigonga meno kila nilipokiinua. Mama Profesa akaja kukaa karibu nami, na deklara upande wa pili, tai imelegea kwa furaha.

"Sasa nieleze," Mama Profesa akasema. "Ile ya samaki. Tulidhani kwenye beseni mmeleta mboga ya karamu. Ulitaka kutuonyesha nini?"

"Si kuonyesha, Mama Profesa. Ni ule mtihani wa mwisho."

"Mtihani gani?"

"Wa kumshika. Mpaka museme inatosha."

Aliweka sahani chini. Nikamtazama deklara. Deklara alikuwa anatafuta mwiba ndani ya sombe.

"Kwani kule Kisangani," akauliza taratibu bila kuinua macho, "hawafanyaka vile?"

"Mimi nimesomea Kisangani," Mama Profesa akasema. "Hakuna mtihani wa samaki. Si huko, si hapa, haujawahi kuwako. Mwanangu, ulikuwa umeshashinda tangu lile swali la mwisho. Tulikwambia utoke ili tusaini."